Homa imerudi baada ya mseto: kabla hujasema dawa ni feki

Mtoto alimaliza dozi ya dawa mseto Jumatano. Wiki ya pili haijaisha, mwili unachemka tena. Jirani anasema dawa za duka lile ni feki, shemeji anasema mpe dozi nyingine haraka, na wewe mkononi umebakiwa na nauli ya kwenda hospitali na kurudi. Mzazi wa Tanga, Muheza, Pangani au Mkinga hahitaji kuelezwa zaidi ya hapo.

Wiki hii tunashughulika na swali lililo nyuma ya ugomvi huo wa nyumbani: utajuaje kama dawa uliyompa mtoto ilikuwa nzima? Jibu la kweli ni kwamba huwezi kujua kwa macho, kwa ulimi wala kwa bei. Hata mfamasia wako hawezi. Ipo mashine inayoweza, na imekuwa ikitumika nchini kwetu kwa miaka mingi, kwa vidonge vilivyonunuliwa madukani na kwa damu ya wagonjwa, wakiwamo wa hapa hapa Muheza. Majibu yake si yale ambayo jirani anayadhani, na ndiyo maana nakuomba uyasome kabla hujaongeza dozi au kutupa pakiti.

Kwanza, kidonge chenyewe. Kidonge kimoja cha mseto, ule unaoandikwa ALu, kina miligramu 20 za artemeta na miligramu 120 za lumefantrini. Sehemu inayobaki ni wanga na unga mwingine wa kukishika kisimomonyoke. Rangi yake ya njano inatoka kwenye lumefantrini, ambayo kwa asili ni unga wa njano. Lakini mtu mwenye nia mbaya akitia rangi ya njano kwenye unga wa mahindi na kuubana, atapata kidonge cha njano. Na kiwanda halali kikikosea kupima, kitatoa kidonge cha njano chenye dawa nusu. Vyote viwili ukivishika mkononi havina tofauti.

Mashine inayotenganisha

Njia inayotumika inaitwa kromatografia ya kimiminika. Wenyewe wa maabara huitaja kwa herufi nne, HPLC, na wakishaizoea huisema kama watu wanavyotaja jina la jirani. Jina ni gumu, lakini jambo lenyewe unaweza kulifanya mezani na mwanao wa darasa la tatu. Chukua kipande cha karatasi nyeupe inayonyonya maji, weka nukta ya kalamu nyeusi ya rangi zile za watoto wa shule, kisha chovya ncha ya karatasi kwenye maji bila kuilowesha nukta. Maji yatapanda, yataifikia nukta, na weusi utaanza kuachana: bluu itakwenda mbali, nyekundu itabaki nyuma, njano huenda ikajitokeza pembeni. Ulichokiona kama kitu kimoja kilikuwa vitu vitatu.

Mtaalamu wa mimea wa Kirusi, Mikhail Tsvet, aliwaeleza wenzake jambo kama hilo mjini Warsaw mwaka 1903. Alipitisha maji ya majani mabichi kwenye mrija wa kioo uliojaa unga wa chokaa, akaona kijani kinagawanyika kuwa mistari ya rangi mbalimbali. Leo mrija ni wa chuma, urefu wake sentimita 15 hadi 25, na ndani umeshindiliwa chembe ndogo mno ambazo kila moja upana wake ni kama elfu tano za milimita. Kimiminika hakiwezi kupenya humo chenyewe. Kinasukumwa na pampu kwa nguvu inayozidi mara hamsini upepo ulio ndani ya tairi la gari dogo.

Kinachotokea ndani ya mrija ni kama watu watatu walioingia soko la Mgandini kwa lango moja, dakika moja. Wa kwanza hana haja na kitu, anakatiza moja kwa moja. Wa pili anasimama kwenye dagaa na nyanya. Wa tatu anasalimia kila meza na kuuliza bei ya vitu ambavyo hatanunua. Watatokea upande wa pili kwa nyakati tofauti, na ukiwajua tabia zao, saa pekee inatosha kukwambia aliyetoka ni nani. Kila dawa nayo ina muda wake wa kutoka kwenye mrija. Mwishoni kuna taa na jicho la umeme linaloona kila kinachopita na kuchora mlima kwenye kompyuta. Mlima ukitokea mahali pake, dawa ipo. Ukubwa wa mlima unasema ipo kiasi gani, baada ya kulinganishwa na dawa safi ambayo uzito wake unajulikana.

Mtaalamu huponda vidonge kadhaa, huyeyusha unga, huchuja na kuchoma tone dogo kwenye mashine. Majibu hutoka kwa asilimia. Kidonge kilichoandikwa miligramu 120 kikiwa na 118 hakina tatizo. Kikiwa na 70 ni dawa duni. Kisipokuwa na kitu kabisa, au kikiwa na dawa nyingine, hiyo ndiyo bandia. Naomba ushike tofauti ya maneno hayo mawili, kwa sababu mitaani yote huitwa feki.

Kazi hii kwa upande wa serikali hufanywa na Mamlaka ya Dawa na Vifaa Tiba, TMDA, ambayo ilianza mwaka 2003 ikiitwa TFDA na kubadilishwa jina mwaka 2019. Maabara yake ya Dar es Salaam ilitambuliwa na Shirika la Afya Duniani, WHO, mwaka 2011. Mwaka 2018 mfumo mzima wa Tanzania wa kudhibiti dawa ulipewa na WHO daraja la tatu kati ya manne, na nchi yetu ikawa ya kwanza Afrika kufika hapo. Watu wengi wanaolalamika kwamba hakuna anayepima chochote hawalijui hilo.

Hata hivyo mashine kubwa ina shida zake. Inataka umeme usioyumba, maji safi kuliko ya kunywa, na vimiminika vya kemikali vinavyoagizwa kutoka nje. Mwaka 2008 na 2009 dunia nzima iliishiwa na kimojawapo, asetonitraili, na maabara za nchi tajiri zikalia pamoja na za kwetu. Ndiyo sababu wafamasia wetu, akiwamo Dk Eliangiringa Kaale wa Chuo Kikuu cha Afya na Sayansi Shirikishi Muhimbili (MUHAS), wametetea kwa miaka mingi ndugu mdogo wa mashine hiyo: bamba jembamba linalofanya kazi kama ile karatasi yako na kalamu. Linaingia kwenye sanduku la safari pamoja na chupa na taa. Masanduku hayo yaliyobuniwa Ujerumani na kuitwa Minilab yalisambazwa na mamlaka yetu kwenye vituo vya mipakani na hospitali za mikoa, ili dawa ichujwe palepale inapoingia, na yenye mashaka tu ndiyo ipelekwe Dar es Salaam. Kwa mkoa wenye mpaka kama wa Horohoro na ufuo mrefu wenye bandari bubu, sanduku la namna hiyo si jambo dogo. Dawa inayoshushwa usiku kwenye mikoko haijapita mbele ya bamba wala mashine, hata kama pakiti yake inang'aa.

Walichokuta madukani

Sasa tuje kwenye hofu ya jirani. Mwaka 2010 watafiti walizunguka Tanzania wakinunua dawa za malaria za jamii ya artemisinini kwenye maduka binafsi, kama mteja yeyote anavyonunua. Walipata sampuli 1,737, wakazipima moja baada ya nyingine kwa kromatografia na kuchapisha majibu mwaka 2015. Zote 1,737 zilikuwa na dawa ya artemisinini iliyoandikwa kwenye pakiti. Hakuna hata moja iliyokuwa unga mtupu.

Usishangilie bado. Asilimia 4.1 zilikuwa na kiasi cha artemisinini kilicho nje ya mipaka inayokubalika, ama kidogo mno au kingi mno. Walipoipima na dawa ya pili iliyo ndani ya mseto, asilimia hiyo ilipanda hadi 12.1. Ni kama sampuli moja katika kila nane. Na zile ambazo ubora wake ulikuwa umethibitishwa mapema na WHO zilikuwa na uwezekano mdogo zaidi kwa mbali wa kuwa na kasoro. Mseto wa vituo vya serikali unaonunuliwa kwa fedha za Mfuko wa Dunia lazima uwe umepita kwenye mchujo wa namna hiyo, jambo ambalo wanaodharau dawa za bure za zahanati wangefaa kulijua.

Utafiti wa nyuma yake, uliochapishwa mwaka 2008, ulipima sampuli 301 za dawa za malaria kutoka madukani, zikiwamo kwinini na SP. Humo asilimia 12.2 zilikuwa duni.

Kwa hiyo dawa mbaya zipo. Lakini sura ya tatizo si ya mhalifu anayebana unga wa mahindi. Mara nyingi ni dawa halali iliyotengenezwa vibaya au iliyohifadhiwa vibaya, yenye pungufu ambalo halionekani.

Kuna na kasoro ya tatu inayosahaulika. Mwaka 2003 Dk Omary Minzi na wenzake walichapisha majibu ya vidonge vya SP na amodiakwini walivyovichukua kwa wauzaji wa jumla wa Dar es Salaam. Mbali na kupima kiasi cha dawa, waliviweka kwenye chombo chenye maji ya joto la mwili, vikakorogwa polepole kama tumboni, kisha maji yakapimwa. Sehemu kubwa ya sampuli za SP ilifeli hapo. Dawa ilikuwa ndani ya kidonge, ila kidonge kiligoma kuiachia. Mtoto akimeza kidonge cha aina hiyo, kinaingia na kutoka.

Muheza: kutoka kwenye kidonge hadi kwenye damu

Hapa ndipo mambo yanapotuhusu watu wa pwani hii zaidi. Mashine ile ile inayopima kidonge inaweza kupima damu. Ukimtoa mgonjwa damu kidogo siku ya saba tangu aanze mseto, unaweza kujua lumefantrini imebaki kiasi gani. Siku hiyo ya saba ina maana yake. Artemeta hufanya kazi haraka na kutoweka ndani ya saa chache. Lumefantrini ndiyo inayobaki siku kadhaa ikifagia vimelea vilivyojificha. Ikiwa kidogo siku ya saba, vimelea vichache vilivyosalia huzaliana, na wiki mbili au tatu baadaye homa inarudi ikiwa na nguvu zake.

Watafiti wa MUHAS walifanya kazi ya namna hiyo Muheza na kuichapisha mwaka 2014. Waliwafuatilia watu wazima wenye VVU waliopata malaria na kutibiwa kwa mseto. Wengine walikuwa wakitumia ARV yenye efavirenzi, wengine yenye nevirapini, na wengine walikuwa bado hawajaanza ARV. Mseto walioupata haukuwa tofauti. Damu ya siku ya saba ilitofautiana sana. Waliokuwa kwenye efavirenzi walikuwa na lumefantrini kidogo kuliko wote, na ndio waliorudiwa na vimelea zaidi. Waliokuwa kwenye nevirapini walikuwa nayo nyingi kuliko hata wale wasiotumia ARV.

Hakukuwa na kidonge feki hapo. Efavirenzi huliamsha ini lifanye kazi kupita kiasi, nalo likaichoma lumefantrini kabla haijamaliza kazi yake. Bila mashine, mgonjwa yule wa Muheza angerudi nyumbani akimlaumu muuza duka, na muuza duka angeapa kwa Mungu kwamba dawa yake ni nzuri, na wote wawili wangekuwa wanasema kweli kwa namna fulani.

Tangu mwaka 2019 wagonjwa wengi nchini wamehamishiwa kwenye ARV yenye dolutegraviri, na vipimo vilivyofanyika Uganda havikuonyesha kwamba inaishusha lumefantrini kwa kiasi cha kutisha. Lakini wapo ambao bado wako kwenye efavirenzi. Na dawa ya kifua kikuu iitwayo rifampisini huishusha lumefantrini vibaya zaidi. Kama wewe au mtoto wako mko kwenye dawa za TB au ARV, mtajie mganga dawa hizo kwa majina, au mpelekee kadi, kabla hajaandika mseto. Usiache ARV wala dawa za TB kwa sababu ya makala hii. Kinachotakiwa ni mganga ajue, ili akuchagulie tiba na akufuatilie kwa karibu.

Chai ya rangi haitoshi

Jambo la pili lililogunduliwa kwa kupima damu linawahusu watoto wote, na halina gharama. Lumefantrini haipendi maji. Inayeyuka kwenye mafuta. Mtu mzima mwenye afya akiimeza na mlo wenye mafuta mengi, inayoingia kwenye damu hufika mara 16 ya ile inayoingia akimeza tumbo likiwa tupu. Hebu fikiria: kidonge ni hicho hicho, kutoka pakiti ile ile, na tofauti ni kilichokuwa kwenye sahani.

Sasa tazama mgonjwa wa malaria wa kwetu anavyolishwa. Hana hamu, mdomo mchungu, basi anapewa chai ya rangi na kipande cha mkate mkavu, au uji mweupe wa maji, au juisi ya ukwaju. Kwa huruma kabisa tunamnyima mafuta katika siku zile tatu ambazo anayahitaji.

Habari njema ni kwamba hayahitajiki mengi. Watafiti nchini Thailand waliwapa watu wazima wenye afya mseto pamoja na maziwa ya soya, wakiongeza kidogo kidogo na kupima damu. Mililita 36 tu, zenye gramu 1.2 za mafuta, zilitosha kufikisha karibu asilimia 90 ya kiwango cha juu kinachowezekana. Hiyo ni kama vijiko saba vya chai. Maziwa ya ng'ombe yasiyotolewa mafuta, ambayo mkoa wetu hauna uhaba nayo, yana mafuta ya kutosha kwa kipimo hicho. Kwa anayenyonya, ziwa la mama linatosha. Asiyependa maziwa apewe uji uliotiwa tui la nazi, au maharage ya nazi, au mchuzi wa samaki wa nazi wenye tui zito, au kijiko cha siagi ya karanga. Mpe kabla kidogo ya dawa au mara baada yake, kila dozi kati ya zile sita. Mtoto akigoma kabisa kula, dawa apewe hivyo hivyo, halafu umnyonyeshe au umpe maziwa pindi atakapokubali. Kuruka dozi ni vibaya kuliko kumeza bila mafuta.

Ratiba nayo usiichezee. Dozi ya pili ni saa nane baada ya ya kwanza, kisha asubuhi na jioni kwa siku mbili zinazofuata. Mtoto wa kilo 5 hadi chini ya 15 ni kidonge kimoja kila dozi. Kilo 15 hadi chini ya 25 ni viwili. Kipimo ni uzito, si umri, kwa hiyo muuzaji anayekuuliza umri tu mwambie amweke mtoto kwenye mizani. Akitapika ndani ya saa moja baada ya kumeza, dozi hiyo inahitaji kurudiwa, na maana yake pakiti haitatosha. Rudi kituoni upewe ya kufidia. Watoto wadogo wenye uzito pungufu hubakiwa na lumefantrini kidogo katika damu kuliko wenzao, hivyo mama wa mtoto wa namna hiyo asisite kumrudisha mapema.

Na kama vimelea ndivyo vilivyobadilika?

Wazee wa Muheza wanakumbuka enzi ambazo dawa ilikuwa nzima, ikamezwa sawasawa, na homa haikuondoka. Kati ya mwaka 2002 na 2004 watoto 1,811 wa huko walishiriki katika utafiti uliolinganisha matibabu manne. Kufikia siku ya 14, amodiakwini ikitumika peke yake ilikuwa imeshindwa kwa asilimia 42 ya watoto. Mseto wa ALu ulishindwa kwa asilimia 1. Ushahidi wa namna hiyo ndio uliotuhamisha kutoka SP kwenda kwenye mseto tunaoutumia hadi sasa.

Hofu hiyo haijaisha. Karagwe, mkoani Kagera, watafiti wakiongozwa na Dk Deus Ishengoma wa Taasisi ya Taifa ya Utafiti wa Magonjwa ya Binadamu (NIMR) wameonyesha kwamba vimelea vyenye ukinzani wa kiasi dhidi ya artemisinini vipo. Ukinzani huo huifanya dawa ichelewe kusafisha damu. Na hapo ndipo lumefantrini ya kutosha inapokuwa ngao iliyobaki. Mtafiti anayesema kimelea ni sugu lazima kwanza aonyeshe kwamba mgonjwa alikuwa na dawa ya kutosha katika damu. Vinginevyo anaweza kukisingizia kimelea kosa la kidonge, au la chai ya rangi.

Kabla hujafika huko kote, kuna mtego mmoja ambao huwanasa wengi, pamoja na wauza dawa. Kile kipimo cha haraka cha malaria, cha tone la damu na mistari miwili, hutafuta mabaki ya kimelea. Mabaki hayo hukaa kwenye damu wiki kadhaa baada ya vimelea kufa. Mtoto aliyepona malaria wiki mbili zilizopita, akipata mafua leo na kupimwa kwa kipimo hicho, mistari miwili itatokea. Atapewa mseto tena, homa itaendelea kwa sababu ni ya mafua au ya mkojo mchafu, na duka la dawa muhimu la mtaa wenu litapata jina baya. Ndani ya mwezi mmoja baada ya dozi, omba kipimo cha darubini. Na mtoto mwenye degedege, anayetapika kila kitu, asiyeweza kunyonya au aliyelegea asisubiri kipimo cha dukani wala ushauri wa jirani; apelekwe hospitali saa hiyo hiyo, iwe usiku au mchana.

Dawa ukishaileta nyumbani

Kiwanda kinapopima dawa yake kabla ya kuisajili, huiweka miezi mingi kwenye kabati lenye joto na unyevu kisha huirudisha kwenye ile mashine kuona imepungua kiasi gani. Kwa nchi za joto kama yetu, kabati huwekwa nyuzi 30. Chumba cha bati Tanga mjini mwezi wa pili kinazidi hapo kabla ya adhuhuri, na hewa ya bahari inaongeza unyevu wake. Weka dawa chini, mahali penye kivuli, mbali na jiko na dirisha, na usivitoe vidonge vya mseto kwenye karatasi yake ya bati mpaka dakika ya kumeza. Kule kuvimimina kwenye kichupa kimoja ili visipotee ndiko kunakoviharibu. Dawa ya unga ya antibiotiki ya watoto ikishatiwa maji huanza kupungua nguvu siku hiyo hiyo. Muulize mfamasia siku zake ni ngapi, saba au 14, na kama inahitaji friji, uandike tarehe juu ya chupa. Iliyobaki isisubiri mtoto wa pili augue.

Na pakiti usiitupe mpaka mtoto apone. Juu yake kuna namba ya toleo, ambayo ni sawa na namba ya gari kwa trafiki. Aprili 2024 mamlaka ya dawa ya Nigeria ilisema imekuta kemikali ya sumu kwenye toleo 329304 la dawa ya kikohozi ya watoto ya Benylin. Baada ya siku chache TMDA nayo ilitangaza kuiondoa sokoni. Kampuni ilisema vipimo vyake yenyewe havikukuta sumu hiyo. Kwa mzazi aliyekuwa na chupa kabatini, ubishi huo wa wakubwa haukuwa na msaada. Kilichomsaidia ni namba ile. Aliyekuwa ameichana lebo hakuwa na njia ya kujua.

Ukiwa na shaka na dawa yoyote, peleka pakiti pamoja na vidonge vilivyobaki kwenye kituo cha afya au kwa mfamasia wa wilaya. Taja duka, tarehe uliyonunua na jinsi mtoto alivyomeza, ukisema kweli kuhusu dozi zilizorukwa na alichokula. Muombe mhudumu ajaze fomu ya njano ya TMDA mbele yako. Vidonge viwili au vitatu vilivyobaki havitoshi kwa vipimo vyote, lakini namba ya toleo inatosha kumwongoza mkaguzi hadi kwenye boksi zima lililo ghalani.